Skrini Pana: Pima Kimo Kabla ya Kuuliza Inchi

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi la skrini hupimwa kutoka kona moja ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kipimo hicho kilitutosha miaka yote tulipokuwa tukinunua televisheni na skrini za kawaida za uwiano wa 16 kwa 9, yaani sehemu 16 za upana kwa 9 za kimo, lakini humpotosha mnunuzi anapofikia skrini pana za 21 kwa 9. Skrini pana ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80 na kimo cha sentimita 33 hivi, ilhali skrini ya kawaida ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha karibu sentimita 40. Ukizidisha upana kwa kimo utagundua kwamba ile ya inchi 32 ndiyo yenye eneo kubwa zaidi, ingawa nambari yake ni ndogo na mara nyingi bei yake ni nafuu. Katika maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Kisumu, swali la kwanza la mteja huwa ni "Hiyo ni inchi ngapi?", na muuzaji hujibu kwa fahari kwamba ni 34, na hapo mazungumzo ya ukubwa huishia. Mimi ningependa yaanzie hapo.

Kipimo cha kushika ni kimo. Skrini pana ya inchi 34 ina kimo sawa na skrini ya kawaida ya inchi 27, kisha imeongezewa theluthi ya upana. Ile ya inchi 29 ina kimo cha skrini ya kawaida ya inchi 23, yaani chini kidogo ya skrini ya inchi 24 ambayo wengi wetu tunayo ofisini, na ndiyo maana watu wengi wanaoileta nyumbani huhisi kwamba wamepunguziwa kitu bila kujua ni nini. Ile ndefu kabisa ya inchi 49, yenye uwiano wa 32 kwa 9, ni sawa na skrini mbili za inchi 27 zilizounganishwa ubavuni bila mpaka katikati, na upana wake unafika karibu sentimita 120. Ukishajua hivyo, swali linabadilika: huulizi tena ni kubwa kiasi gani, unauliza huo upana wa ziada utajazwa na nini, na kwa saa ngapi za jioni yako.

Kabla sijatoa hata shilingi, nilichukua boksi kuukuu, nikakata kipande cha sentimita 80 kwa 33 kwa kisu cha jikoni, nikakisimamisha mezani kwa kukiegemeza kwenye vitabu vya kusahihisha. Nilikaa mbele yake jioni kadhaa. Mambo mawili yalijitokeza mara moja. Kwanza, meza yangu ya kina cha sentimita 50 ilikuwa finyu mno, kwa sababu macho yalikuwa karibu na kadibodi kiasi cha kunilazimu kugeuza shingo ili kuona kona. Pili, dirisha la magharibi lilikuwa likimwaga mwanga wote wa jioni juu ya upande mmoja wa kadibodi, jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani nilipokuwa na skrini ndogo. Nilikwenda Kibuye kwa seremala, mzee anayetengeneza samani kando ya soko, nikamweleza kwamba nataka meza ya kina cha sentimita 75 na upana wa mita moja na nusu. Aliniuliza, "Mwalimu, hii ni meza ya kulia chakula au ya kuandikia?" Nilipomwonyesha kadibodi alielewa papo hapo, akaniongezea mhimili wa mbao chini katikati, kwa kuwa skrini ya namna hiyo pamoja na stendi yake ni mzigo wa kilo kadhaa unaokaa sehemu moja. Mhimili ule umenifaa kuliko ushauri mwingi niliousoma.

Sasa tuzungumzie filamu, kwa maana hapo ndipo skrini pana hulipa deni lake lote. Umbo hili lilitoka katika sinema. Mwaka wa 1953, wakati televisheni ilipokuwa ikiwanyang'anya watazamaji Marekani, kampuni ya 20th Century-Fox ilileta mfumo wa CinemaScope, ambao ulibana picha pana kwenye mkanda wa kawaida wa filamu na kuitanua tena wakati wa kuionyesha ukumbini. Tangu hapo filamu nyingi kubwa zimepigwa kwa uwiano unaokaribia 2.39 kwa 1. Televisheni yako ya nyumbani, yenye uwiano wa 16 kwa 9, ambao ni 1.78 kwa 1, hulazimika kuweka utepe mweusi juu na chini ili filamu hiyo iingie bila kukatwa. Skrini pana haihitaji utepe huo. Filamu ileile inayoonekana kwa kimo cha sentimita 25 kwenye skrini ya inchi 27 itaonekana kwa sentimita 33 kwenye skrini pana ya inchi 34, na eneo lake litaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Mtu akiniuliza kwa nini nimeng'ang'ania umbo hili, humwekea filamu ya jangwani au ya baharini, nikazima taa, nikamwacha aone jinsi upeo wa macho unavyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo.

Hata hivyo, kuna kero ambayo wauzaji hawaitaji. Video nyingi za mtandaoni, hasa vionjo vya filamu, hupakiwa zikiwa tayari zimechomekewa utepe mweusi juu na chini ndani ya fremu ya 16 kwa 9. Ukiifungua video hiyo kwenye skrini pana, kompyuta huiheshimu fremu nzima, kwa hiyo huongeza weusi kushoto na kulia, nawe unabaki na picha ndogo inayoelea katikati, imezungukwa na giza pande zote nne. Dawa yake ni programu-jalizi ndogo ya kivinjari inayoikuza picha hadi weusi utoke nje ya skrini. Hufanya kazi vizuri, lakini kumbuka kwamba picha iliyokuzwa ni ile ile yenye pikseli chache, yaani vile vinukta vinavyoiunda, kwa hiyo ubora wake hushuka kidogo.

Kwa upande wa mpira, sina budi kusema wazi. Mechi zote za ligi tunazozifuatilia, taarifa za habari na vipindi vya runinga hurushwa kwa 16 kwa 9. Kwenye skrini ya pikseli 3440 kwa 1440, mechi hutumia pikseli 2560 za upana, na zinazobaki, 440 kila upande, huwa nyeusi. Vichekesho vya zamani vya runinga ya taifa, vilivyorekodiwa kwa uwiano wa 4 kwa 3, hutumia 1920 tu na kuacha zaidi ya asilimia 40 ya upana wa skrini ikiwa giza. Kwa hiyo, mtu ambaye Jumamosi na Jumapili zake ni mpira, na katikati ya wiki ni mpira, akinunua skrini pana atakuwa amenunua skrini ya inchi 27 yenye mapazia mawili meusi. Anunue televisheni ya inchi 43, itampa picha kubwa zaidi, na jamaa zake wataiona vizuri kutoka kwenye kochi. Nasema hivi nikiipenda skrini yangu kwa dhati.

Upande wa gemu una tofauti nyingi, na hapa ndipo ningependa msomaji asikimbie. Gemu iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya umbo hili huongeza uwanja wa kuona kushoto na kulia, bila kupunguza chochote juu na chini. Katika Euro Truck Simulator 2, kioo cha pembeni cha dereva na kile cha abiria vinaweza kuonekana pamoja na barabara bila kugeuza kichwa cha dereva kila mara, na kurudisha trela nyuma kunakuwa kazi ya kufurahisha. Katika Microsoft Flight Simulator, unapokaribia uwanja wa ndege wa Kisumu ukitokea upande wa ziwa, njia ya kutua iko mbele yako na bado maji ya Ghuba ya Winam yapo pembeni ya jicho, na ni maji hayo ya pembeni yanayokuambia kama umeshuka mno, kabla hata hujaangalia mita za ndege. Nimeona watoto wa jirani, ambao hawajawahi kupanda ndege, wakinyamaza kimya wakitazama mji wao ukitokea polepole kutoka majini. Forza Horizon 5 nayo huupokea upana huo bila shida yoyote.

Lakini zipo gemu zinazoukataa. Valorant huonyesha mchezo wake kwa 16 kwa 9 na kuacha pembeni peusi, ili mwenye skrini pana asimwone adui kabla ya mwenzake mwenye skrini ya kawaida. Naiona sababu hiyo kuwa ya haki kabisa. Elden Ring ya mwaka wa 2022 nayo ilitolewa ikiwa imefungwa kwenye 16 kwa 9 na fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa, kwa sababu mandhari zake zinastahili upana wote uliopo. Overwatch nayo mwaka wa 2016 ilifanya kibaya zaidi: iliujaza upana wa skrini kwa kukata juu na chini, hivi kwamba mwenye skrini pana alikuwa akiona kidogo kuliko wengine, na ilichukua muda kabla ya jambo hilo kurekebishwa. Andika orodha ya gemu unazozicheza kweli, siyo zile unazotamani kuzicheza siku moja, kisha uchunguze moja baada ya nyingine kabla ya kulipa.

Mashine za gemu za PlayStation 5 na Xbox haziufahamu uwiano wa 21 kwa 9 hata kidogo. PlayStation 5 ilianza kukubali pikseli 2560 kwa 1440 kupitia sasisho la Septemba 2022, na kwenye skrini pana picha hiyo hukaa katikati, pembeni pakiwa peusi. Ukiiona imejaa skrini nzima, basi imevutwa: wachezaji wamekuwa wanene na mpira umekuwa yai, na inakubidi uingie kwenye menyu ya skrini ukarudishe uwiano wa asili. Shemeji yangu alitaka sana skrini kama yangu kwa ajili ya PlayStation yake, na jibu langu kwake lilikuwa hapana, kwa heshima zote za ushemeji.

Uamuzi wa pili baada ya kimo ni idadi ya pikseli, na huu unahusu mfuko kwa njia ambayo haionekani kwenye bei ya skrini. Skrini pana za bei ya chini zina pikseli 2560 kwa 1080. Kwenye inchi 29 idadi hiyo inatosha, lakini kwenye inchi 34 inabaki pikseli 82 hivi kwa kila inchi, na herufi huonekana zina vijino kingoni. Ya pikseli 3440 kwa 1440 ina takribani 110 kwa inchi, ambayo ni laini machoni na haihitaji kukuza maandishi. Gharama yake iko ndani ya kompyuta. Skrini hiyo ina karibu pikseli milioni 5, ilhali skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo, kwa hiyo kadi yako ya michoro, kile kifaa cha ndani kinachochora picha, italazimika kuchora karibu mara mbili na nusu ya ilivyozoea katika kila fremu. Kadi iliyokuwa ikiendesha gemu kwa fremu 90 inaweza kushuka chini ya 50. Ukilinganisha na 4K, yenye zaidi ya milioni 8, mzigo wake ni asilimia 60 tu, na hiyo ndiyo sababu inayonifanya niione 3440 kwa 1440 kuwa mahali pazuri pa kusimama kwa mwenye kadi ya daraja la kati. Inchi 49 zenye 5120 kwa 1440 zinakaribia mzigo wa 4K, na katika gemu nyingi vitu vya ukingoni huonekana vimenyooshwa. Sioni ni nani hapa kwetu ningemshauri ainunue, isipokuwa mtu wa magari ya mashindano au ndege aliyejengea chumba kizima mchezo wake.

Aina ya paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachotoa picha, inategemea chumba kuliko watu wanavyodhani. Zilizo nyingi ni IPS, VA na OLED. IPS ina rangi zinazodumu hata ukitazama ukiwa pembeni, ila weusi wake ni wa kijivu gizani, kwa kuwa tofauti kati ya eneo jeupe na jeusi ni kama 1000 kwa 1. VA hufika 3000 kwa 1 na zaidi, na filamu za usiku hupendeza mno, lakini nyingi, hasa za bei nafuu, huchelewa kubadilika kutoka giza kwenda mwanga, hivyo kitu kinachokimbia gizani huacha mkia kama wino uliopakazwa. OLED haina shida hizo mbili, kwa sababu kila pikseli hujiwashia na kujizimia yenyewe. Alienware AW3423DW ya mwaka wa 2022 ndiyo iliyofungua mlango wa skrini pana za QD-OLED, ambayo ni aina mojawapo ya OLED, na picha yake ni ya kustaajabisha. Ila paneli hizo za mwanzo hazina kichujio kinachomeza mwanga wa nje, kwa hiyo katika chumba chenye mwanga mwingi weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau. Hapa Kisumu, ambapo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima na madirisha ya magharibi hulipokea hadi dakika ya mwisho, hilo si jambo dogo. Aidha, OLED huweza kubakiwa na alama ya vitu visivyohama, kama ule upau wa chini wa Windows, na mtu anayesahihisha alama za wanafunzi mchana kutwa kwenye skrini hiyohiyo anapaswa kulifikiria hilo kwa makini.

Mpindo wa skrini nao una kipimo chake. Maandishi 1800R yana maana kwamba ukiuendeleza mpindo ule hadi ukawa duara kamili, nusu kipenyo chake kitakuwa milimita 1800, yaani mita 1.8. Nambari ikishuka, mpindo unaongezeka. 1000R ni mkali sana. Kwa inchi 34 naona 1800R inatosha, kwa kuwa huzileta kona karibu na macho bila kuipinda mistari ya jedwali. Mpindo humfaa mmoja aliyekaa katikati. Familia ikijipanga kandokando, wa pembeni hupata picha mbaya, hasa ikiwa paneli ni VA.

Ukishachagua, usikubali kulipia skrini ambayo hujaiona ikiwaka. Mimi hubeba kwenye simu picha nyeupe tupu, nyeusi tupu na ya kijivu, nikamwomba muuzaji azifungue moja moja. Nyeupe hufichua pikseli zilizokufa, nyeusi huonyesha mwanga unaovuja kwenye kona, na ya kijivu hufichua alama zilizobaki kwenye OLED iliyotumika. Kisha hufungua ukurasa wa maandishi ya kijivu juu ya mandharinyuma nyeusi na kuusukuma juu na chini haraka. Maandishi yakiacha mkia wa zambarau, hiyo ni VA ya polepole, na muuzaji anaweza kuniambia jina zuri lolote la paneli lakini macho yameshaona. Kwa zile zilizotumika ng'ambo, hakikisha stendi ni ya kwake mwenyewe, au kuna matundu manne ya milimita 100 kwa 100 mgongoni ya kufungia mkono wa chuma. Paneli ikipasuka, gharama ya kuibadilisha hukaribia bei ya skrini nzima, kwa hiyo boksi la asili na vipande vyake vyeupe vya povu gumu ndani ni mali, na bodaboda si mahali pa kulibeba. Ikiwa mzigo unatoka Nairobi kwa basi, ufungue na kuuwasha palepale ofisini kwao kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu kebo, HDMI 1.4 ya zamani huishia hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, kwenye 3440 kwa 1440, HDMI 2.0 kwa kawaida hufika 100, na DisplayPort 1.4 huvuka 144 bila taabu. Baada ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya Windows ukaweke hezi mwenyewe, kwa sababu mara nyingi mfumo huiacha kwenye 60, na kuna watu wamekaa na skrini ya hezi 144 kwa muda mrefu bila kuiona hata siku moja ikifanya kazi hiyo.

Na umeme. Skrini ya aina hii yenye taa za LED hutumia wati 50 hivi katika mwangaza wa kawaida, kwa hiyo si yenyewe itakayomaliza tokeni. Kadi ya michoro ndiyo inayokula. Hatari yenyewe ni kukatika na kurudi kwa kishindo, na radi za alasiri ambazo sisi wa magharibi, kuanzia Kisii hadi Kakamega, tunazijua vizuri. Mimi nina UPS, kifaa chenye betri ya akiba, inayoweza kubeba kompyuta na skrini pamoja kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima, na ngurumo zikianza kukaribia ninachomoa plagi ukutani, kwa sababu hakuna kifaa cha dukani ninachokiamini mbele ya radi. Usiku, majira ya wale wadudu wadogo wa ziwani, hufunga dirisha kabla ya kuiwasha, maana huuvamia mwanga wa skrini kwa mamia, na kuwafuta kwa kitambaa kibichi huacha madoa yasiyotoka kirahisi.

Kwa hiyo nilichukua inchi 34, pikseli 3440 kwa 1440, IPS yenye mpindo mdogo, nikaiweka ikiwa imeligeuzia dirisha la magharibi ubavu badala ya uso. Nilichagua IPS kwa sababu mchana ni kazi na mwanga ni mwingi. Chumba changu kingekuwa na pazia zito na dirisha la mashariki, ningechukua VA iliyo bora bila kusita. Shemeji alinunua skrini bapa ya kawaida ya inchi 27, ya 2560 kwa 1440, kwa fedha pungufu sana, na PlayStation yake huijaza yote. Akija kwangu huomba tuweke filamu.